Gari ya koperativi: tuhesabu safari kabla ya kununua



Kila mavuno yakiisha, swali linarudi kwenye mikutano yetu: "Sisi pia, kwa nini tusinunue gari yetu?" Swali ni zuri. Mkulima wa Rutshuru au wa Masisi analima, anapalilia, anavuna, halafu mwenye gari ndiye anapanga bei ya kufikisha gunia Goma. Mvua ikinyesha, bei inapanda. Kabichi zikianza kuoza kando ya njia, mkulima anakubali bei yoyote.

Lakini gari ni kama ng'ombe: inakula kila siku, hata siku isiyotoa maziwa. Koperativi inaweza kumaliza akiba ya miaka mingi kwa gari moja inayosimama uwanjani. Kwa hiyo leo tujifunze kuhesabu kwanza, kisha tuangalie kazi nyingine za magari ambazo bado zinakosa watu.

1. Gharama ni za aina mbili

Gharama za aina ya kwanza unalipa hata gari isipotembea: mshahara wa dereva na msaidizi wake, asuransi, karatasi za serikali, pamoja na kuzeeka kwa gari yenyewe. Hii ya kuzeeka ndiyo watu wengi wanasahau. Gari ya dola 15 000 mnayotaka kuitumia miaka 5 inawamalizia dola 3 000 kila mwaka, yaani dola 250 kila mwezi. Msipoziweka pembeni, siku gari itakapochoka mtaanza tena kuchangisha.

Gharama za aina ya pili zinakuja kila safari: mazutu, wapakiaji, malipo ya barabarani, matairi, oili na matengenezo.

2. Tufanye hesabu pamoja

Namba hizi ni za mfano tu. Mkifika kwenye mkutano, wekeni zenu.

Gari inabeba magunia 50 ya kilo 100, yaani tani 5.
Kuzeeka: dola 250 kwa mwezi.
Dereva na msaidizi: dola 250 kwa mwezi.
Asuransi na karatasi: dola 100 kwa mwezi.
Jumla ya gharama za kila mwezi: dola 600.
Gharama za safari moja, kwenda na kurudi: dola 120.
Kukodi gari ya mtu mwingine: dola 4 kwa gunia, yaani dola 200 kwa safari.

Kila safari tunayofanya kwa gari yetu inatuokolea dola 80 (200 kutoa 120). Sasa gawanya 600 kwa 80: unapata 7 na nusu. Maana yake, tunahitaji safari 8 kila mwezi ili gari yetu iwe nafuu kuliko kukodi. Chini ya hapo, mwenye gari wa kukodi anatushinda.

3. Miezi haifanani

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanahesabu mwezi wa mavuno, wakati barabara imejaa magunia, wanaona faida. Sisi wakulima tunajua kwamba msimu A tunavuna kuelekea Januari na Februari, na msimu B kuelekea Juni na Julai. Miezi mingine magunia ni machache.

Tuseme kuna miezi 4 ya safari 12, na miezi 8 ya safari 3. Jumla ni safari 72 kwa mwaka. Gari yetu itatugharimu dola 7 200 za kila mwezi pamoja na dola 8 640 za safari: dola 15 840. Kukodi kwa safari hizo 72 ni dola 14 400. Tumepoteza dola 1 440, na hapo gari haijapata ajali wala barabara haijafungwa.

Barabara kufungwa si jambo la kufikiria tu. Mwezi wa Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, lava ilikata barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Na vita, hakuna anayehitaji kufundishwa. Siku hizo zote, zile dola 600 zinaendelea kudai.

Je, tufunge mjadala? Hapana. Angalieni safari ya kurudi. Gari ikipeleka viazi Goma, ikarudi tupu, imetumia mazutu bure. Ikirudi na mbegu, chumvi, sabuni au bati za wateja wanaolipa dola 20 tu kwa jumla, mara 72, tumepata dola 1 440. Ndilo pengo lenyewe. Kwa hiyo faida iko pia kwenye mzigo wa kurudi. Kabla ya kutafuta gari, tafuteni wafanyabiashara wa kijijini wanaohitaji mizigo kutoka mjini.

4. Mkiamua kununua

Chagueni gari ambayo piesi zake zinapatikana, hata kama si nzuri kupita nyingine. Magari mengi tunayoyaona yametumika kwanza Japani, yakaja kwa meli hadi Mombasa au Dar es Salaam. Ndiyo sababu mengi yana usukani upande wa kuume, ingawa Kongo tunaendesha upande huo huo wa kuume, na dereva haoni vizuri anapotaka kupita gari nyingine. Kabla ya kulipa, nendeni kwa wauza piesi wa Birere na orodha mkononi: breki, klachi, resori, pampu ya mazutu. Piesi ikihitaji kuagizwa ng'ambo, gari hiyo si yenu.

Karatasi ziandikwe kwa jina la koperativi, si la rais wala la kesiye. Sheria ya OHADA ya vyama vya ushirika ilipitishwa mwaka 2010, na Kongo iliingia OHADA mwaka 2012. Koperativi iliyoandikishwa ina haki ya kumiliki mali kwa jina lake. Rais akifa au akihama, gari inabaki ya wanachama.

Kila safari iandikwe katika daftari: tarehe, kilometa, mazutu, magunia ya kwenda, mzigo wa kurudi.

5. Nafasi ambazo bado ziko wazi

Koperativi isiyo na uwezo wa gari haijafungiwa mlango. Inaweza kukusanya magunia ya wanachama mahali pamoja na kufanya mkataba wa msimu mzima na mwenye gari. Mtu mwenye magunia 3 anaomba bei. Watu 40 wenye magunia 200 wanapanga bei.

Nafasi ya pili ni matengenezo. Chukudu yetu, ile iliyojengewa sanamu Goma mwaka 2009, imedumu kwa sababu fundi wake yuko kijijini: mbao ni za hapa, mpira wa gurudumu ni wa tairi kuukuu. Lakini moto ikiharibika mbali na mji, mara nyingi inasukumwa au inapakiwa hadi mjini. Kijana mmoja wa koperativi akijifunza ufundi vizuri, akapewa sanduku la vifaa na akiba ndogo ya oili, cheni na mipira, anahudumia wamotari wote wa kijiji.

Nafasi ya tatu inakuja kutoka kwa jirani. Kigali, tangu Januari 2025, moto mpya za kubeba abiria zinazoandikishwa ni za umeme peke yake. Ethiopia ilizuia kuingiza magari ya esansi na mazutu mwaka 2024. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayoingia katika betri nyingi za magari hayo, lakini kijijini nani anajua kupima betri iliyochoka? Rutshuru tuna kituo cha umeme wa maji cha Matebe, megawati 13.8, kilichozinduliwa mwaka 2015. Pale waya zilipofika, kuchaji na kutengeneza betri ni kazi ambayo vijana wetu wanaweza kuanza kujifunza sasa, kwanza na betri za sola zilizoko nyumbani.

Maswali ya mkutano ujao

1. Mwaka jana wanachama wote pamoja tulipeleka magunia mangapi sokoni, mwezi kwa mwezi?
2. Tulilipa jumla ya pesa ngapi za usafiri?
3. Ni nani kijijini anayehitaji mzigo kutoka mjini, na analipa ngapi?
4. Barabara ikifungwa miezi 2, nani atalipa dereva?
5. Ni kijana gani, wa kike au wa kiume, tunaweza kumtuma kujifunza ufundi?

Mkishindwa kujibu maswali 1 na 2, msinunue gari mwaka huu. Nunueni daftari, mwandike msimu mmoja kamili, halafu turudi kuhesabu pamoja.