Mkono wa Kunyanyua Huanzia Kwenye Magurudumu

Fainali ya mwaka 2015 ya BattleBots, mashindano ya roboti zinazopigana huko Marekani, iliikutanisha Tombstone ya Ray Billings, roboti yenye upanga mzito wa chuma unaozunguka kwa kasi ya kutisha, na Bite Force ya Paul Ventimiglia, ambayo silaha yake ilikuwa mkono wa kubana na kunyanyua. Bingwa akawa Bite Force. Tangu hapo wapo wanaotaka kuunda roboti ya namna hiyo nyumbani, na karibu wote huanza na mkono: mota gani, urefu gani, kasi gani. Naona wanaanzia mwisho. Mkono wa kunyanyua hauvunji kitu. Kazi yake ni kumnyang'anya mpinzani msuguano. Chukua daraja dogo la uzito, la ratili 3, yaani kilo 1.36. Ukimnyanyua mpinzani upande wa mbele, takriban nusu ya uzito wake, kilo 0.68, inahamia kwako. Magurudumu yako sasa yanakandamizwa na kilo 2.04, yake yamebaki na 0.68. Mshiko wako ni mara tatu ya wake, na hapo unamsukuma hadi ukutani apende asipende.

Hatua ni mbili, na ya kwanza ndiyo inayonifanya niandike: jua magurudumu yako ya mbele yako wapi. Roboti inayonyanyua ni wenzo, na egemeo lake ni pale magurudumu ya mbele yanapogusa sakafu. Tuseme kitovu cha uzito wako kiko sentimita 6 nyuma ya egemeo hilo, na ncha ya mkono iko sentimita 12 mbele yake. Upande wako: 1.36 mara 6, jibu 8.16. Upande wa mpinzani: 0.68 mara 12, jibu ni lilelile 8.16. Hapo uko kwenye ukingo; mpinzani akijitikisa kidogo tu, mkia wako ndio unaopaa, na watazamaji watacheka. Sasa sogeza magurudumu mbele sentimita 4 bila kugusa kingine chochote. Upande wako unakuwa 13.6, wa mpinzani 5.44. Hata ukimbeba mzima hufiki 11. Hujaongeza mota wala betri, umehamisha ekseli tu. Ila magurudumu hayo ya mbele lazima yaendeshwe na mota, kwa sababu wakati wa kunyanyua ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya mzigo. Kuna wanaoweka miguu ya plastiki mbele badala ya magurudumu. Ni kweli roboti haipinduki, lakini uzito wote ulioupata unaishia kwenye plastiki inayoteleza, na ile hesabu ya mara tatu imekwenda na maji. BioHazard ya Carlo Bertocchini, iliyotamba enzi za mwanzo za BattleBots, ilikuwa na mkono wa umeme, lakini chini yake kulikuwa na magurudumu sita, na ubavuni mabamba ya titani yaliyofungwa kwa bawaba yakiburuza sakafuni, mtu asipate pa kuingiza ncha yake.

Hatua ya pili ni sevo, yaani mota inayoinua mkono, na hapa wauzaji wa mtandaoni wananikera. Mkono wa sentimita 15 kutoka kwenye bawaba, ukibeba kilo 0.68, unadai nguvu ya kuzungusha ya kilo-sentimita 10.2. Tangazo linasema 20, unadhani umepata ziada maradufu. Namba ile ni ya sevo iliyokwama kabisa, kwa volti za juu kabisa inazoruhusiwa. Ukiitumia hivyo mfululizo inaungua. Igawanye kwa tatu kabla ya kutoa pesa. Betri, rimoti na lehemu zimeshaelezwa sana na wengine.

Atakuja wa kuniambia kwamba Ventimiglia mwenyewe aliuacha mkono: Bite Force iliyotwaa ubingwa wa 2018 na 2019 ilikuwa na silaha ya kuzunguka. Ni kweli, na kwa daraja la ratili 250, lenye bajeti yake, sina ubishi naye. Lakini silaha ya kuzunguka haijaribiwi sebuleni. Inataka boksi la polikaboneti nene, na kipande kikichomoka hakichagui jicho la nani. Mwingine atataja Chaos 2 ya George Francis, bingwa wa Robot Wars ya Uingereza mara mbili mfululizo, iliyorusha wapinzani kwa gesi. Gesi hurusha vizuri hadi mtungi uishe, na vali zake ni ghali. Mkono wa sevo unanyanyua muda wote betri ikiwa hai, tena unaweza kuusimamisha nusu ya safari, mpinzani akiwa hewani, huku wewe unaendelea kusukuma.