Udongo wa Rangi ya Chungwa Mwezini
Mnamo Desemba 1972, Bwana Harrison Schmitt wa Marekani alitua mwezini pamoja na Bwana Eugene Cernan. Wote waliomtangulia huko walikuwa marubani waliofundishwa habari za mawe. Kwake yeye, mawe ndiyo yaliyokuwa elimu yake hasa.

Kando ya shimo moja aliona udongo wa rangi ya chungwa. Je, mlima wa moto ulikuwa umelipuka hapo karibuni? Ndivyo ilivyodhaniwa. Lakini udongo huo ulipopimwa duniani, ulionekana kuwa chembe ndogo mno za kioo, zilizorushwa na moto wa chini yapata miaka milioni 3,500 iliyopita. Kimondo kilichochimba shimo lile ndicho kilichoufukua.

Tangu 1977 hata 1983 Bwana Schmitt aliketi katika Seneti ya Marekani, akishughulikia pia mambo ya sayansi na anga.