Uliza Kama Fundi wa Pikipiki

Haya mdogo wangu, vuta kigoda tuongee. Barua yako nimeisoma yote, nikacheka, maana nilijiona mwenyewe miaka ile. Umetengeneza programu ya kutunza hesabu za kikoba, na kila asubuhi unakuta ujumbe: "Haifanyi kazi." Basi. Hakuna aina ya simu, hakuna toleo, hata picha ya skrini hakuna. Unaniuliza ripoti za namna hiyo uzijibu au uzifute.

Usizifute. Mimi nilikuwa nikizifunga, na nikaaibika. Mama mmoja mwenye duka alilalamika mara tatu kwamba programu yetu haiunganiki. Kwangu iliunganika, nikaifunga ripoti yake. Mwishowe nikampigia. "Mama, kabla haijaanza kugoma, simu yako ilipatwa na nini?" "Haikupatwa na kitu mwanangu, ilikaa wiki nzima haina chaji tu." Kumbe tarehe ya simu ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa! Kwa tarehe hiyo, cheti cha usalama cha seva yetu kilikuwa bado hakijaanza kutumika, ndiyo maana simu ilikataa kuunganika. Tukarekebisha tarehe, yakaisha. Jibu alikuwa nalo siku zote. Swali ndilo sikuwa nalo.

Mwangalie fundi wa pikipiki. Ukimwambia "inazima," hakuulizi habari za kabureta. Anasema, "Inazima ikiwa baridi, au ikishapata moto?" Swali moja, na nusu ya mashaka imeondoka. Nawe uliza hivyo: inagoma kwenye kuingia au kwenye kutuma? Kwa wifi au kwa bando? Ulibonyeza nini, ukaona nini? Maswali mawili yanatosha. Ukimpelekea kumi ataona umempa mtihani, atanyamaza.

Wala usidhani ni uvivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliowahoji watengenezaji na watumiaji wa miradi ya programu ya Apache, Eclipse na Mozilla, ulionyesha kwamba vitu ambavyo watengenezaji wanavihitaji sana, kama hatua za kulirudia tatizo, ndivyo vinavyowawia vigumu watumiaji kuvitoa. Kwa hiyo mtumiaji muulize alichokiona kwa macho yake. Toleo la programu na la Android, programu yenyewe ivijaze kwenye fomu, kwa ruhusa yake. Lakini majina ya wanachama na michango yao visitoke humo kamwe. Hesabu za kikoba ni siri za watu.

Na asipojibu? Mkumbushe mara moja, kwa upole, kisha mpe muda. Kwenye Launchpad, wanakopokea ripoti za Ubuntu, ripoti iliyowekwa alama ya kutokamilika inaweza kufungwa na mfumo wenyewe ikikaa siku 60 kimya. Nawe jiwekee siku zako, uzitangaze mapema. Ukiifunga, mwandikie: "Nimeifunga kwa kukosa maelezo, ukikutana na tatizo hilo tena nijulishe, nitaifungua." Ila "kwangu inafanya kazi" usimwandikie mtu, mdogo wangu. Kwake haifanyi, na ndiyo maana alikuandikia.

Sasa fanya hivi: leo jioni, kabla hujaandika msimbo mpya, ifungue ile "Haifanyi kazi" ya zamani kuliko zote. Msalimie aliyeiandika, mwombe radhi kwa kuchelewa, kisha muulize swali moja tu.