Kolera: Mlinzi wa mlango aliyefungwa mikono



Mtu mwenye kolera kali anaweza kupoteza litri moja ya maji kwa saa moja. Asubuhi alikuwa mzima. Jioni macho yameingia ndani na sauti imepotea. Wengi hufikiri kwamba mikrobi inakula tumbo. Sivyo. Utumbo wa mgonjwa wa kolera haukutobolewa wala haukuoza. Kilichoharibika ni kitu kidogo sana: mlinzi mmoja wa mlango. Mkimfahamu mlinzi huyu, mtafahamu kwa nini maji yenye sukari na chumvi yanaokoa uhai, na kwa nini maji matupu hayatoshi.

MLINZI NA JETONI YAKE

Mwili wetu umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli mna protini nyingi, kila moja na kazi yake. Jamii moja ya protini hizo inaitwa GTPazi. Kazi yake ni kupokea amri na kuipitisha.

Mfikirie mlinzi aliyesimama mlangoni. Amri ikifika kutoka nje ya seli, anapokea jetoni inayoitwa GTP. Akiwa nayo mkononi, kazi inaanza. Baada ya muda mfupi anaikata jetoni hiyo yeye mwenyewe: kipande kimoja cha fosfati kinatoka, GTP inageuka kuwa GDP, na kazi inasimama mpaka amri nyingine ifike. Ndiyo maana ya jina lake: GTPazi ni protini yenye kukata GTP. Fundi wa pompi anajua vizuri: kuwasha mashini ni kazi, na kuizima kwa saa yake ni kazi vilevile.

KOLERA INAFANYA NINI?

Mikrobi ya kolera inaingia kwa kinywa, pamoja na maji au chakula kilichochafuliwa na mavi ya mgonjwa. Ikifika katika utumbo mwembamba, inatoa sumu. Mwaka 1959, katika mji wa Calcutta huko India, mganga Sambhu Nath De alionyesha kwamba sumu hiyo peke yake, bila mikrobi, inatosha kujaza utumbo maji.

Sumu inaingia ndani ya seli za utumbo na kumfunga mlinzi mikono. Jetoni anayo, lakini hawezi kuikata tena. Basi amri ya kufungua haikomi. Seli inatengeneza kwa wingi mjumbe anayeitwa AMP ya mviringo, na mjumbe huyo anafungua mlango wa chumvi. Chumvi inamwagika ndani ya utumbo, na penye chumvi maji hufuata. Ndiyo sababu mgonjwa anahara maji meupe kama yale ya kuoshea mchele.

MLANGO WA PILI UNGALI MZIMA

Katika ukuta uleule wa utumbo kuna mlango mwingine ambao sumu haiugusi. Mlango huo unaingiza sukari na chumvi pamoja, na maji yanazifuata ndani. Chumvi bila sukari haipiti vizuri hapo, wala sukari bila chumvi. Ndiyo maana tunazichanganya.

Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, kolera iliwaka katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, huko India. Serumu za mshipa zilikuwa haba. Mganga Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari wayanywe, na ndugu zao ndio waliowanywesha. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa wagonjwa 100 mpaka chini ya 4.

Kunywa maji haya hakukatishi kuhara palepale. Msikate tamaa. Utumbo hubadilisha seli zake kwa siku chache, na seli mpya zinakuja na walinzi wapya. Kazi yetu ni kumtunza mgonjwa awe hai mpaka wafike.

FANYENI HIVI

1. Mtu akianza kuhara maji, mpeni mara moja maji ya pakiti ya SRO, pakiti moja kwa litri moja ya maji safi. Kama pakiti hakuna, changanyeni litri moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Msizidishe chumvi: ni hatari, zaidi kwa mtoto.

2. Anyweshwe kidogo kidogo, tena na tena. Akitapika, ngojeni dakika 10 kisha mwendelee polepole. Mtoto anyonye kama kawaida. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

3. Mpelekeni lopitali bila kungoja kesho, mkimnywesha njiani. Macho yakiingia ndani, mkojo ukikatika, ngozi ikivutwa ikichelewa kurudi, au akishindwa kunywa, anahitaji serumu ya mshipa upesi. Kolera kali isiyotunzwa inaweza kuua nusu ya wagonjwa. Ikitunzwa vizuri, hafi hata 1 kwa 100.

4. Chemsheni maji ya kunywa au tieni dawa ya klori kwa kipimo mlichoonyeshwa. Nawieni mikono kwa sabuni mkitoka chooni, na kabla ya kupika na kula. Kuleni chakula kingali moto.

Sisi wa Katanga tusiseme kwamba ni ugonjwa wa mbali. Kalemie kando ya ziwa Tanganyika, na kwenye maziwa ya upande wa Bukama, kolera inajulikana sana; nayo inasafiri pamoja na watu.

Baba, kabla ya kwenda kazini leo, uliza: je, nyumbani mna sukari, chumvi, na bidoni ya maji safi yenye kifuniko? Mama, waonyeshe watoto wakubwa namna ya kupima vijiko. Siku ugonjwa ukipiga hodi usiku, hakutakuwa na wakati wa kujifunza.