Usiviache Vikundi Viote Mizizi

Ukiingia darasa la nne katika shule nyingi za ukanda wa pwani ya Lindi, kuanzia Somanga hadi Mchinga, vikundi utavikuta. Vina majina, vina viongozi, pengine vina bango ukutani. Ila viliundwa Januari, na Oktoba bado viko vile vile, ingawa baadhi ya majina kwenye bango yako mashambani yakiokota korosho. Hapo hakuna kikundi tena, kuna mpangilio wa kukaa tu.

Kikundi kiundwe kwa kazi fulani, na kazi ikiisha kivunjwe. Ndani ya wiki moja mtoto mmoja aweze kupita katika vikundi vitatu, kila kimoja na watu wake. Hapa Kilwa, ndani ya ukanda huo, kuna sababu ya ziada ya kufanya hivyo. Mahudhurio hapa yanapanda na kushuka kama maji: ufuta unavunwa kuanzia Mei, korosho zinashika zamu baadaye, na kwenye bamvua kuna watoto wanaofuatana na mama zao mwambani kutafuta pweza. Kikundi cha kudumu kinabaki na mapengo. Kinachoundwa upya mara kwa mara kinampokea aliyerudi bila kumwaibisha.

Anza na kosa, usianze na alama. Andika ubaoni 52 − 17, kila mtoto ajibu kwenye kipande cha karatasi, kisha kusanya. Jioni hiyo usisahihishe kwa vyema na mkasi. Panga karatasi mezani kwa aina ya jibu. Wapo watakaoandika 35, hao wamepata. Wapo wa 45: wameona 7 haitoki kwenye 2, wakageuza wakatoa 2 kwenye 7. Wapo wa 69, ambao wamejumlisha, huenda hawakuangalia alama. Na wapo wa 34 au 36, wanaojua njia lakini vidole vimewapotosha. Ukiwaacha wa 35, wote wamekosa, lakini hawaumwi ugonjwa mmoja, na ukiwarundika kwenye kikundi kimoja cha "wanaoshindwa" utawatibu vibaya karibu wote.

Wa 69 wanahitaji dakika mbili na wewe, basi. Wa 34 na 36 wape mazoezi ya haraka ya kutoa ndani ya ishirini, wawiliwawili. Muda wako mpe wa 45. Kaa nao chini na vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa ukindu: mafungu matano na vijiti viwili pembeni. Mwambie mmoja akupe kumi na saba. Atatoa fungu moja upesi, halafu atasita, maana anatakiwa kutoa saba na mkononi ana viwili. Usimsaidie. Mwache aangalie mafungu yaliyobaki mpaka mmoja wao aseme, "Tulifungue hili." Wakishalifungua, waandike walichofanya. Kesho yake wape hesabu nyingine ya aina hiyo; atakayepata anatoka kikundini siku hiyo hiyo.

Kwenye kusoma njia ni hiyo hiyo, ila kipimo ni ngazi: silabi, neno, aya, hadithi fupi. Wapimaji wa Uwezo, tathmini ya kusoma na kuhesabu kwa watoto, waliopita nyumba kwa nyumba nchini walitumia ngazi ya namna hiyo, na mwalimu anaweza kuitumia bila kusubiri mradi wowote. Mtoto mmoja hamalizi dakika tatu. Pima wachache kila siku wakati wengine wananakili. Kule Kipatimu, ambako mtoto anaweza kuwa anazungumza Kimatumbi zaidi nyumbani, usikimbilie kumwita mzito kwa sababu amekwama kwenye neno. Mweke karibu na mwenzake anayezijua lugha zote mbili, wajadiliane wanavyotaka, kisha wakujibu kwa Kiswahili.

Kuwapanga watoto kwa kiwango kuna sifa, na sifa hizo zinaeleweka vibaya. Shirika la Pratham la India limewapanga watoto kwa wanachokijua badala ya darasa walilomo, tena kwa sehemu ya siku tu, na wamenufaika. Magharibi mwa Kenya, utafiti uliofanyika katika shule 121 na kuchapishwa mwaka 2011 na Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer ulikuta kwamba kugawa mikondo kwa kiwango kuliwainua wa juu na wa chini pia. Kuna waliosoma habari hizo wakakimbilia kutenga darasa la vipanga na darasa la vilaza. Watafiti wenyewe walieleza sehemu kubwa ya faida hiyo kwa jambo jingine: mwalimu alipata nafasi ya kushusha au kupandisha somo lifikie watoto waliokuwa mbele yake. Ukiwatenga halafu ukafundisha vile vile, umewapa jina tu. Na majina watoto wanayasoma haraka kuliko kitabu. Vikundi ukiviita Nguru, Kolekole na Dagaa, huhitaji kumweleza mtoto yeyote wa Kilwa Kivinje maana ya kupangwa Dagaa. Tumia rangi, na zibadilishe.

Kwa hiyo baada ya vikundi vya kosa, changanya. Njia ninayoipenda kuliko zote ilibuniwa na mwanasaikolojia Elliot Aronson huko Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipoanza kuchanganya watoto weupe na weusi waliokuwa hawapatani. Kilwa ina somo la kuifaa. Chukua historia ya Kilwa Kisiwani na uigawe mada tano: Husuni Kubwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, Msikiti Mkuu na kuba zake, dhahabu ya Sofala, safari ya Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331, na sarafu za shaba za Kilwa, ambazo tano ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia. Watoto 60 wahesabu moja hadi tano. Kila mada inapata 12, wagawe meza mbili za sita sita, wasome aya uliyowaandikia na kukubaliana watakachosema. Kisha vunja. Unda vikundi 12 vya watu watano, kila mmoja akiwa na mada yake. Sasa yule mwenye sarafu, hata kama ni wa mwisho darasani kwa kusoma, ndiye pekee anayejua habari ya Australia, na wenzake lazima wamsikilize kwa sababu maswali ya mwisho yanahusu mada zote.

Madawati usiyahangaikie. Dawati la mbele ligeuke litazame la nyuma, watoto sita wameshakaa. Wakizidi, kuna kivuli cha mwembe na mchanga wa kuandikia. Majukumu yazunguke: msomaji, mwandishi, mtunza muda, msemaji. Usipoyazungusha, wasichana wataandika na wavulana watasema mpaka Desemba.

Hamasa nayo ina mtego wake. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waliwaahidi zawadi watoto wadogo waliopenda kuchora. Baadaye, zawadi ilipoondoka, watoto hao walichora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa chochote. Kalamu na daftari ni vitu vizuri, mpe mtoto asiye navyo, ila usivifanye bei ya kusoma. Makofi ya kilo kwa kila jibu nayo yanachuja. Sema kilichofanyika: "Uliona saba haitoshi, ukafungua fungu." Sentensi hiyo mtoto anaweza kuitumia tena kesho. Kiboko kwa jibu lisilo sahihi hakina nafasi hapa hata kisheria: kanuni za mwaka 2002 zinakiweka kwa makosa mazito ya nidhamu, mikononi mwa mkuu wa shule au aliyemteua, tena visizidi vinne.

Kelele zitakuwepo. Mkuu wa shule au mthibiti ubora akichungulia dirishani, mwonyeshe andalio la somo lenye kazi ya kila kikundi na muda wake, na daftari moja la kawaida: mstari mmoja kwa kila mtoto, tarehe, na kosa alilokuwa nalo. Atakayerudi kutoka shambani Julai, fungua mstari wake kabla hujamuuliza alikuwa wapi, mpe hesabu moja ya pale alipoachia, na ukishaiona karatasi yake, mpeleke kwenye kikundi cha siku hiyo.