Dondoo Muhimu: Range Rover Iliyochoka Miguu

Mwenye Range Rover ya 2002 hadi 2012, isimamayo juu ya mifuko ya hewa badala ya springi za chuma, na azingatie haya kabla ya kufungua mkoba wa fedha.

• Gari lililolazwa sawasawa likikutwa alfajiri limeinama, linyanyue, kisha pakaza maji ya sabuni katika mikunjo ya mifuko na viungo vya mabomba. Palipo na mapovu ndipo penye tundu.

• Usinunue kompresa mpya kabla ya kuziba uvujaji, kwani aghalabu ile ya kwanza imeungua kwa kufanya kazi bila ya kupumzika, na ya pili itaifuata.

• Mlio wa "ko-ko" kwenye matuta huenda ukatoka katika bushi au boli jointi za mikono ya chini: zijaribu kwa mtaimbo, na zikicheza, zibadilishwe kulia na kushoto pamoja.

• Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa katika kimo chake cha kawaida, la sivyo mpira hujisokota ukachanika upesi. Kisha magurudumu yapimwe unyoofu.

• Tafadhali, usiingie kamwe uvunguni mwa gari lililoshikwa na hewa au jeki pekee. Liegemeze kwanza juu ya stendi madhubuti.