Mdogo Wangu, Uliza Sentimita Kabla Hujalipa

Sogea karibu, mdogo wangu, leo nina neno na wewe. Huku kwetu Makutupora zabibu zikishauzwa na kahela kakishikika, simu hazitulii. Unaletewa picha ya seti ya kudarizi kutoka Kariakoo, tausi katandaza mkia juu ya mto, na usiku huohuo umeshalipa. Mzigo ukishuka kwenye basi, kitambaa kidogo kama leso, uzi unakwisha tausi hajaota hata manyoya. Hapo unaanza kujilaumu eti una mkono mzito. Mkono wako hauna kosa. Umenunua mbuzi kwenye gunia, na wenzio waliofanya hivyo ni wengi, ila wanaona haya kusema.

Picha haina kipimo, ndugu yangu. Muulize muuzaji kitambaa kina sentimita ngapi na matundu mangapi kwa inchi. Kile kitambaa cha matundu kiitwacho Aida, namba 14, kina matundu 14 kwa kila inchi. Kwa hiyo chati ya misalaba 140 kwa upana inakupa ua la inchi 10, yaani kama sentimita 25. Kwa mto wa kochi linapendeza; ukitaka lijaze kitambaa cha meza, utalia. Uliza pia kama ua limechapwa kwenye kitambaa au utahesabu mwenyewe kutoka kwenye karatasi. Anayeanza akipewa la kuhesabu bila kuambiwa, wiki ya pili anakitupa kitambaa chini ya kitanda.

Halafu uzi. Omba picha ya lebo, siyo ya rangi zilizopangwa kama upinde wa mvua. Fungu la uzi wa DMC wa Ufaransa lina mita 8, nyuzi 6 nyembamba kwa pamoja, na kila rangi ina namba yake. Namba hiyo ndiyo itakayokuokoa uzi ukikuishia katikati ya ua. Usio na lebo unaweza kuwa mzuri, sikatai, lakini ukikupungukia utatafuta mwekundu ule hadi uchoke. Na ukiupokea, lowesha kipande ukibane kwenye kitambaa cheupe kabla hujaanza. Rangi ikichuja, bora ulie siku hiyo kuliko siku ya kufua.

Magazeti ya kushona na kufuma nayo yana mitego yake. Jalada haliwezi kukufundisha kufuma, kwa hiyo omba ukurasa mmoja wa maelezo. Burda la Ujerumani, kwa mfano, huja na karatasi ya ramani za kukatia nguo. Nakala ya zamani iliyopotelewa na karatasi hiyo ni picha za kutazama tu. Kwenye kroshia, Mwingereza na Mmarekani hutumia jina moja kwa mishono miwili tofauti, ukichanganya, sweta ya mtoto inamfaa baba yake. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, tafuta gazeti lenye michoro ya alama. Na siku hizi kuna picha zilizotengenezwa na kompyuta, maua ambayo hakuna sindano iliyowahi kuyafuma. Omba picha ya upande wa nyuma wa kazi: mwenye kazi ya kweli anayo.

Najua unaogopa kuonekana msumbufu. Kuuliza si ujinga, mdogo wangu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yenyewe inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe na aeleze bidhaa yake. Akinuna, au akikuharakisha eti zimebaki mbili, mwache na zake mbili. Zungukia soko la Majengo pale mjini kwanza, ushike uzi kwa vidole vyako. Ukiona lazima uagize, anza na seti ndogo kuliko zote.

Na wewe uliyekwisha kuliwa hela yako, acha kujificha. Peleka namba ya huyo tapeli kwa 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha waambie na wenzio wa kikundi chako jina analotumia.